Barua ya wazi kwa Mheshimiwa uliyenikabidhi mtungi wa gesi

Mheshimiwa,

Shikamoo. Mimi ni yule mama ntilie wa Mtwara mjini uliyepiga naye picha siku ya ugawaji, mwenye kitenge cha njano. Uliniambia, "Mama, moshi sasa basi," nikapiga vigelegele. Mtungi ulikuwa wa kilo 6, nusu bei nimelipa mimi, nusu serikali. Nilishukuru na bado nashukuru.

Jumatatu iliyopita nimetolewa kwenye kantini ya chuo nilikopika miaka tisa. Nimekutwa na gunia la mkaa nyuma ya jiko. Barua niliyopewa inasema taasisi inayolisha watu zaidi ya 100 kwa siku hairuhusiwi kuni wala mkaa. Sahani zangu hazijawahi kufika 80, ila wamejumlisha na za bwenini. Haya.

Moshi siupendi, usije ukadhani. Marehemu mama alipikia kuni za mikorosho maisha yake yote na alikufa anakohoa. Tatizo ni kujaza. Mlinichangia mtungi wa siku ya kwanza, ya pili na kuendelea nikabaki na Mungu wangu. Maharage hayajui habari za nishati safi, yanataka saa zake tatu motoni. Mtungi unakata siku ya tatu, kujaza ni 25,000, na wiki yangu ina siku sita za kazi. Piga hesabu: 50,000. Gunia la mkaa la 30,000 linanivusha wiki nzima. Ile 20,000 iliyozidi ndiyo niliyokuwa namlipa binti wa kuosha vyombo. Nimemwachisha, ana mtoto mdogo. Nikapandisha wali maharage kutoka 1,500 hadi 2,000, wanafunzi wakahamia kwenye mihogo ya kukaanga nje ya geti, inayokaangwa kwa kuni! Yule hajaguswa, si taasisi.

Mkakati wenu unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tupikie nishati safi. Mimi nilikuwemo kwenye hiyo 80 kwa wiki sita. Kisha nikarudi kwenye mkaa kimyakimya, nakiri.

Kwa nini kujaza ni ghali hivi? Muuzaji wangu anasema ni dola. Mwenzake anasema ni usafiri, maana meli zinashusha Dar es Salaam na Tanga, ndipo mitungi ipakiwe malori kuja huku. Huyu wa pili namwamini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar kule Somanga, wote tuliona mji huu unavyoitegemea njia moja. Lakini Mheshimiwa, gesi inatoka Dar kuja Mtwara, na ile inayochimbwa hukuhuku kwetu Msimbati, tangu 2015 inatoka Mtwara kwenda Dar kwa bomba. Zinapishana njiani! Mtaalamu mmoja alinielimisha kwamba hizo ni gesi mbili tofauti, yetu haikai kwenye mtungi kama wangu, inataka bomba. Vizuri. Basi leteni bomba. Ya mwaka 2013, watu walipoandamana huku kupinga gesi kupelekwa Dar, sitaki kuyafukua, ila ahadi zilizofuata unazikumbuka kuliko mimi. Nyumba chache za mjini nimeziona na mita zake. Kantini haina, na kwangu hakuna.

Siombi mkaa uruhusiwe. Naomba kujaza nako kuwe nusu bei, kama siku ile ya picha. Au bomba lifike kantini kwanza, ndipo mtu afukuzwe. Na kama yote hayo ni magumu, nirudishwe mpaka msimu wa korosho ukolee, nimalize rejesho la kikundi. Mpaka Desemba. Hiyo tu, Mheshimiwa, Desemba.

Mtungi wako ninao. Uko uvunguni, mtupu, na ile stika yenye sura yako haijabanduka.

Mama ntilie wa kitenge cha njano,
Mtwara