Hiace, vifaa na maandishi madogo

Birmingham, Uingereza

Mdogo wangu Hamisi,

Salamu kwa mama na shemeji. Unasema Hiace imeshakatiwa bima kubwa, kwa hiyo vifaa vyako vya ufundi sasa vinalala humo. Vitoe usiku wa leo. Bima kubwa hulipa gari. Drili na pampu ya vakyumu ni mali nyingine, zinataka bima yake. Tena hakikisha gari limeandikwa la biashara. Likiandikwa la binafsi ukabebea kazi, umewapa sababu ya kukunyima.

Huku mwizi hahangaiki na kitasa. Anakita goti kwenye mlango wa ubavuni, anashika ukingo wa juu na kuuvuta mpaka bati linakunjika. Kitasa kimefungwa vilevile, mlango uko wazi! Ndiyo maana mafundi huongeza makomeo yenye ufunguo wake, moja juu, moja chini. Kuna vitasa vinavyojifunga mlango ukibamizwa. Hivyo vinawafaa wasambaza vifurushi, wewe utafungia ufunguo ndani. Mlango wa nyuma wa Hiace hufunguka kwa kuinuka, basi rudisha gari hadi karibu na ukuta, usipate nafasi ya kuinuka.

Stoo ya uani nayo itazame. Komeo lililoshikwa kwa skrubu zinazoonekana nje hufunguliwa kwa bisibisi tu. Weka bolti zinazopenya mlango, nati ndani, kisha zichomelee.

Sasa masharti. Mikataba mingi ya bima ya vifaa huku hailipi kilichoibwa ndani ya gari kati ya saa 3 usiku na saa 12 asubuhi, ila gari liwe ndani ya jengo lililofungwa. Mingine inadai alama za kuvunja. Kwa hiyo ukiibiwa, piga picha na uripoti polisi kabla ya kunyoosha bati. Risiti na serial namba zihifadhi kwenye simu, zisiwe ndani ya gari.

Linaloumiza zaidi ni kutaja thamani pungufu ili ulipe kidogo. Vifaa vya milioni 6 ukivikatia bima ya milioni 3, ikiibwa pampu ya milioni 1 wanaweza kukupa laki 5, tena humo wakate ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe.

Nitumie picha ya kurasa za masharti. Stika na risiti ya malipo sizihitaji.

Kaka yako