Barua kwa Nekesa: umepewa Kidato cha Nne

Kondele, Kisumu
Jumapili jioni

Kwako Nekesa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote tu wazima, isipokuwa joto la ziwa ambalo halina adabu mwezi huu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, na mara ya pili nilicheka hadi mtoto akaja kuuliza kuna nini. "Wamenipa Kidato cha Nne, Akinyi, na mimi sijawahi hata kukishika." Ulivyolitamka, mtu angedhani umekabidhiwa kamba ya fahali wa kupiganishwa hapo Khayega.

Usinione nacheka ukafikiri nimesahau. Mwaka wangu wa kwanza na watahiniwa niliingia darasani na kiburi cha silabasi ya Kiswahili. Niliikimbiza! Kufikia mwisho wa Mei nilikuwa nimemaliza, na katika mkutano wa walimu nikapigiwa makofi. Julai ukaja mtihani wa mwigo. Nusu ya darasa haikumaliza Karatasi ya Pili, ile ya Lugha. Msichana mmoja aliyekuwa akijibu kila swali langu kwa mdomo aliacha isimujamii nzima, yale maswali kuhusu lugha katika jamii, alama 10, bila hata neno. Nilipomwuliza aliniambia, "Mwalimu, sikujua saa zinaisha hivyo." Angejuaje? Kwa miezi mitano mimi nilisema, wao wakanakili. Hakuna siku niliyowaketisha wakaandika karatasi nzima toka mwanzo hadi mwisho.

Kwa hivyo kabla hujaandika maazimio yako ya kazi, tafuta karatasi za zamani, zima simu, ufanye mtihani wewe mwenyewe. Kwa kalamu, si kwa macho. Mimi nilifanya hivyo likizo ya Agosti, nimechelewa tayari, hapa mezani huku makanga wakiita watu barabarani. Karatasi ya Pili ni saa mbili na nusu kwa alama 80, yaani hata dakika mbili kwa alama moja hazifiki. Muhtasari ulinila dakika hamsini. Mimi, mwenye shahada ya Kiswahili! Nilikuwa naandika, nafuta, nahesabu maneno, nafuta tena. Ndipo nilipoelewa yule msichana. Siku iliyofuata niliwafundisha kitu ambacho hakimo kitabuni: soma swali la muhtasari kabla ya taarifa, pigia mstari hoja unapozisoma, kisha nakala chafu moja tu.

Insha nazo ni ugonjwa mwingine. Nilikuwa na wanafunzi 58. Insha moja ukiisahihisha kwa haki ni dakika kumi. Piga hesabu: karibu saa kumi kwa zoezi moja, na una vidato vingine, una zamu, una watoto nyumbani. Wenzetu wengi hukimbilia kutoa insha moja kwa muhula na kuirudisha wiki ya kufunga shule, wakati mwanafunzi hata hakumbuki aliandika nini. Mimi nilianza kusahihisha aya moja. Leo nawaambia waandike utangulizi tu, kesho aya ya mazungumzo, keshokutwa hitimisho la hotuba. Aya 58 nazimaliza kabla ya chai ya saa nne, na zinarudi zikiwa bado na joto. Insha kamili nazisoma za watu kumi kumi, kwa zamu, na mwandishi nikimwita akae kando yangu.

Kwenye zile aya ndimo nilimokutana na jua. Nekesa, jitayarishe. Zaidi ya nusu ya darasa langu lilianza insha kwa jua kuchomoza na ndege kuimba nyimbo za kumtukuza Muumba. Hata barua kwa mhariri kuhusu takataka sokoni ilianza na ndege! Halafu wahenga na wahenguzi hawakupotoka waliponena, methali tatu mfululizo, na mada yenyewe inakuja ukurasa wa pili. Wamefundishwa hivyo tangu shule ya msingi na waliwahi kupewa alama nzuri kwa hayo, kwa hivyo usiwacheke. Nilichofanya ni kuwatuma wasikilize. Wanaoishi karibu waliagizwa waende Kibuye, wasimame karibu na muuza mitumba, waandike maneno yake kama alivyoyatamka. Walirudi na "bei ya kutupa", "mama, hii ni kamera", yaani nguo bora kabisa, na namna wauzaji wanavyorukaruka kutoka Kiswahili hadi Kijaluo hadi Sheng kulingana na sura ya mteja. Somo la sajili ya biashara, yaani lugha ya wauzaji na wanunuzi, na kuchanganya ndimi lilijifundisha lenyewe, na utangulizi wa insha ukapona wiki hiyohiyo.

Wewe uko mahali pazuri zaidi yangu kwa fasihi simulizi. Wanafunzi wako wamekua wakisikia isukuti ikipigwa arusini na matangani, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa tamaduni zinazohitaji kulindwa haraka. Waulize nani hupiga, wakati gani, hadhira hufanya nini. Na tohara kwenu Bungoma hufanywa miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa hivyo Agosti mwaka huu wa 2026 ipo. Miviga, hizo sherehe za kimila, utaifundisha ukiwa na mifano mkononi. Mimi majigambo huwafundisha kwa pakruok, kule kujisifu kwa Wajaluo, na hakuna anayesinzia. Mtahini anataka sifa za kipera, yaani aina ya fasihi unayoulizwa, na mifano inayoeleweka. Mtoto aliyeiona ngoma kwa macho yake hachanganyi miviga na maigizo.

Nikuonye kuhusu mambo mawili. Kwanza, kutakuwa na mwanafunzi anayekuzidi. Mimi niliandika ubaoni "Otieno alimpigia Juma mpira", nikaeleza maana tatu: aliupiga mpira kwa niaba ya Juma, aliupiga kuelekea kwa Juma, na alimpiga Juma kwa sababu ya mpira. Nikaweka chaki chini kama mtu aliyemaliza kazi. Mvulana wa nyuma, ambaye nilimdhania mlalaji, akasema, "Na kama alitumia mpira kumpiga?" Darasa zima likanigeukia. Kwa sekunde chache nilitamani kumwambia hilo halimo katika mwongozo. Nilimpa chaki akaandika ya nne mwenyewe. Toka siku ile hakulala tena kipindi changu, na mimi nikaacha kuweka chaki chini mapema.

Pili, karatasi za "utabiri". Kuanzia Septemba zitakuja kwenye simu za wanafunzi na hata za walimu, zinauzwa, zimeandikwa kwa herufi kubwa. Mwenzangu mmoja alizinunua akazifundisha wiki tatu. Sina la kusema zaidi kuhusu hilo ila kwamba wiki tatu ni nyingi.

Kuhusu kupunguziwa mzigo, usitegemee sana. Najua wakubwa watasema shule sasa haina Kidato cha Kwanza wala cha Pili, kwa hivyo mna nafasi. Lakini Gredi ya Kumi ya mtaala mpya imeingia na vitabu vipya na tathmini zake, na walimu ni walewale. Omba jambo moja tu: vipindi viwili vifuatane mara moja kwa wiki. Saa moja na dakika ishirini inatosha kuandika insha moja na kuanza kuijadili. Ukinyimwa, chukua prepu ya Alhamisi, ile saa ya kujisomea jioni. Nilifanya hivyo, nikapoteza jioni zangu, na sijutii, ingawa mume wangu, Baba Tito, alilalamika kuhusu ugali kuchelewa hadi alipojifunza kuusonga.

Nimekufungia bahasha: karatasi za Lugha za miaka minne, mwongozo wangu wa kusahihisha aya, na orodha ya makosa ninayoyaona kila mwaka, kuanzia "samba" badala ya "shamba" hadi "ngombe" bila kibainishi. Nitampa dereva wa matatu ya Kakamega Jumatano asubuhi. Ukamsubiri stejini Khayega kabla ya saa tano, ameniahidi. Ndani pia kuna insha niliyoiandika mwenyewe kwa dakika hamsini na mbili, saa ikiwa mezani. Isahihishe kwa wino mwekundu uirudishe na dereva huyohuyo. Usinionee haya, na usihesabu methali.

Wako,
Akinyi