Harambee ya Eyam: Tuwapeleke Watoto Wetu Kwenye Kijiji Kilichojifungia

Ndugu washirika, marafiki na majirani zetu wa Sheffield na kwingineko, Bwana asifiwe.

Kamati imenituma niwaandikie kuhusu jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwenye matangazo ya Jumapili bila kupata maelezo yake kamili. Tunachangisha pauni 2,400. Fedha hizo ni za kuwapeleka watoto wa shule ya Jumapili, vijana na wazee wetu katika kijiji cha Eyam, kilichojifungia mwaka 1666 ili tauni isisambae, mwishoni mwa Agosti. Ni za kuchapisha pia kijitabu cha Kiswahili cha kumwongoza mgeni kijijini humo, na sehemu ya fedha hizo itakuwa sadaka tutakayoikabidhi kwa Kanisa la Mtakatifu Laurenti la pale, kwa matunzo ya jengo lake. Wapo waliouliza, tena kwa haki kabisa: kwa nini kijiji cha Waingereza, wakati nyumbani tumeacha shida tele? Naomba mnisikilize.

Eyam iko Derbyshire, kama kilomita 20 kusini-magharibi mwa mji wetu. Ni kijiji cha kupendeza mno: nyumba za mawe, mapaa yaliyoezekwa kwa vipande vizito vya mawe, maua ya waridi yanayopanda ukutani, barabara moja kuu inayopinda kati ya bustani. Wenyeji wa zamani waliishi kwa kilimo, kufuga kondoo na kuchimba madini ya risasi milimani. Baadaye wakafuma hariri na kushona viatu. Mikatale ya kuwafungia wakosaji miguu ingali pale uwanjani. Kando ya uwanja huo liko jumba kubwa la Eyam Hall, lililojengwa na ukoo wa Wright katika miaka ya 1670. Hilo ni jengo la watu waliokuja kujenga baada ya msiba. Sisi tunataka hasa watoto wayaone majengo yaliyoushuhudia msiba wenyewe.

Karibu na kanisa kuna nyumba chache zilizopangana, na kwenye kuta zake kumebandikwa vibao vya kijani. Simama usome. Kibao kimoja kinasema kwamba watu tisa wa familia ya Thorpe waliishi katika nyumba hiyo, na wote tisa walikufa. Nyumba ya jirani ilikuwa ya mama aitwaye Mary Hadfield. Kwanza aliolewa na Cooper, akafiwa, akaolewa na mshonaji Alexander Hadfield. Ndugu zake 13 walikufa, akabaki yeye.

Tauni ilianzia kwenye nyumba hiyo ya Mary. Mwaka 1665 London ilikuwa imeshikwa na tauni. Mwishoni mwa kiangazi mzigo wa vitambaa uliletwa kutoka London kwa ajili ya kazi ya ushonaji. George Viccars, msaidizi wa mshonaji, aliufungua akakuta vitambaa vina unyevu, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Ndani yake mlikuwa na viroboto waliobeba ugonjwa huo. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba 1665. Wiki mbili baadaye akafuata Edward Cooper, mtoto mdogo wa Mary, kisha kaka yake Jonathan. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamekufa watu 42. Baridi ilipoingia ugonjwa ulipungua, watu wakadhani umekwisha. Kiangazi kilichofuata ukarudi na nguvu mpya.

Sasa fikirini hali ya kanisa lao wakati huo. Kasisi William Mompesson alikuwa kijana wa miaka 28 hivi, mgeni kijijini, na wengi hawakumtaka. Mtu wao alikuwa Thomas Stanley, kasisi wa zamani, aliyeondolewa kazini kwa kukataa kufuata kitabu cha sala kilichoamriwa na serikali. Hawa wawili hawakukubaliana kuhusu ibada wala kuhusu mfalme. Lakini mwezi Juni 1666 walikaa pamoja, wakasimama mbele ya watu kwa sauti moja, na kijiji kikakubali mambo matatu. Kila familia itawazika watu wake yenyewe, karibu na nyumbani, bila kungoja uwanja wa kanisa. Kanisa litafungwa, ibada zifanyike nje, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Na hakuna mtu atakayevuka mpaka wa kijiji, ili tauni isifike mji wa Bakewell, wala kijiji cha Stoney Middleton, wala kwetu Sheffield.

Sisi ambao makanisa yetu hugawanyika kwa sababu ya vipaza sauti na nani akae kiti cha mbele, tunao mengi ya kujifunza kwa makasisi hao wawili. Kamati imeomba Mchungaji ahubiri habari zao kabla ya safari.

Mahali pa ibada ile ya nje ni bonde dogo lenye nyasi liitwalo Cucklet Delf, na mwamba wake una matundu makubwa kama malango. Hadi leo, Jumapili ya mwisho ya Agosti, wenyeji huandamana hadi bondeni humo kuwakumbuka marehemu. Chakula kiliachwa mpakani. Bwana mkubwa wa eneo hilo, Earl wa Devonshire, aliyekuwa na kasri lake Chatsworth, alituma mahitaji, na watu wa vijiji vya jirani walileta vyao. Juu ya kijiji kuna chemchemi inayoitwa hadi leo kisima cha Mompesson, palipotumika kupokelea vitu. Upande wa Stoney Middleton kuna jiwe la mpaka katikati ya malisho. Lina mashimo sita juu yake. Watu wa Eyam walitia sarafu humo ndani ya siki, wakiamini siki inaua sumu ya ugonjwa, kisha wauzaji walikuja kuzichukua wao wakiwa wameshaondoka. Kingo za mashimo hayo zimelainika kwa vidole vya watu wa karne tatu na nusu. Mtoto akiingiza kidole chake pale hatahitaji somo refu.

Agosti 1666 ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko miezi yote: watu 78 walikufa mwezi huo mmoja. Tarehe 25 alifariki Catherine, mke wa Mompesson. Watoto wao walikuwa wamepelekwa mbali mapema, lakini yeye alikataa kumwacha mumewe na kundi lake. Kaburi lake liko uwanjani mwa kanisa, hatua chache kutoka kwenye msalaba wa mawe uliochongwa karne ya 8, nao ungali umesimama, umejaa nakshi za malaika na mizabibu. Ukutani mwa kanisa, juu ya mlango, kuna saa ya jua ya mwaka 1775 yenye majina ya miji ya mbali duniani. Ndani mna kiti cha Mompesson, dirisha la vioo vya rangi linalosimulia habari yote tangu mwanzo hadi mwisho, na kitabu cha majina ya waliokufa. Kwa hesabu inayotajwa sana, walikuwa watu 260. Wa mwisho, Abraham Morten, alikufa tarehe 1 Novemba 1666.

Nimeacha kwa makusudi mahali pamoja, maana ndipo penye sababu ya barua hii.

Ukitoka kijijini kuelekea mashariki, mwendo mfupi tu kwenye kilima, utaona ukuta mdogo wa mawe uliojengwa kwa duara katikati ya shamba. Ndani yake mna makaburi saba ya familia ya Hancock. Baba na watoto sita walikufa ndani ya siku nane, Agosti hiyo ya 1666. Mama yao, Elizabeth, alichimba makaburi yote peke yake. Inasimuliwa kwamba aliwafunga marehemu kitambaa miguuni akawaburuta hadi shimoni, huku yeye amejifunga kitambaa mdomoni, na watu wa Stoney Middleton wakimtazama kutoka mlima wa ng'ambo bila kuweza kumsaidia.

Kamati ilipokwenda kutazama njia, mama mmoja wa kanisa letu, mwenyeji wa mji wa Beni, Kongo, aliingia ndani ya duara lile akagusa mawe moja moja kwa kiganja, akihesabu kwa sauti ya chini. Kisha akatuambia habari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia kwake. Kati ya 2018 na 2020, Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 katika mikoa ya Kivu Kaskazini na Ituri nchini humo. Ndugu zake walizikwa na watu waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Yeye alisimama mbali, hakuruhusiwa kuwaosha wala kuwashika. Alisema kwa miaka yote hapa Uingereza aliamini kwamba wenyeji hawawezi kuelewa habari hiyo, kwa hiyo hakujisumbua kuisimulia.

Elizabeth Hancock naye alibaki hana mtu Eyam. Lakini alikuwa na mwana mmoja aliyekuwa amepelekwa mapema kujifunza kazi mjini, na mama huyo, kwa jinsi inavyosimuliwa, aliondoka kijijini akaja kuishi naye. Mji huo ni Sheffield. Alikuja hapa hapa, amepoteza nyumba yake yote, akaanza upya. Wangapi kati yetu wameingia mji huu kwa njia ya namna hiyo, kutoka Uvira, Bukavu, Butembo au Bujumbura, wakipitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma?

Watoto wetu wanasoma habari za Eyam shuleni. Wanaijua kwa Kiingereza, kama hadithi ya kale ya watu wengine. Nyumbani wana bibi na babu wanaojua karantini, wanaojua mazishi yasiyo na kilio, wanaojua jinsi jirani anavyokukwepa hata baada ya kupona. Mompesson mwenyewe alipohamishiwa kijiji cha Eakring baada ya tauni, inasemekana waumini walimwogopa, ikabidi akae kwanza kwenye kibanda msituni Rufford. Mtu aliyenusurika Ebola akisikia hilo hahitaji kufafanuliwa. Tunataka wazee na watoto watembee pamoja kwenye njia ile, mzee azungumze Kiswahili, mtoto amweleze mzee yaliyoandikwa kwenye kibao. Ndiyo maana hatukukubali shauri la kuwapeleka vijana peke yao, ingawa gharama ingepungua.

Basi fedha zitatumika hivi. Basi la kukodi la viti 53, lenye mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu, pamoja na chakula cha mchana na kiingilio cha makumbusho ya kijiji, litachukua pauni 1,150. Makumbusho hayo yako katika kanisa la zamani la Wamethodisti, na juu ya paa kuna sanamu ya panya inayoonyesha upepo unakovuma, watoto wataipenda. Kijitabu cha Kiswahili, kurasa 24 zenye ramani na picha, nakala 300, kitagharimu pauni 750. Maandishi tumeshayaanza, na walimu wawili wa kanisa letu wanayapitia bila malipo. Pauni 500 zinazobaki ni za kanisa la Eyam. Jengo la mawe la umri ule lina paa, mifereji na madirisha yanayohitaji fundi kila mwaka, na lango lake huwa wazi kwa kila mgeni. Tumekula kwenye meza za watu wa nchi hii kwa miaka mingi. Hatutaki kuingia nyumbani mwao mikono mitupu.

Safari ni Jumamosi, siku moja kabla ya ibada yao ya kumbukumbu, ili ibada yetu ya Jumapili isivurugike. Wakati huo visima vya kijiji huwa vimepambwa kwa picha zilizotengenezwa kwa petali za maua na majani yaliyobandikwa kwenye udongo laini, desturi ya Derbyshire ambayo kina mama wa kwaya wameshasema hawataikosa. Kesho yake wajumbe wachache, pamoja na Mchungaji na Mama Mchungaji, watarudi kwenye ibada ya bondeni na kuikabidhi sadaka.

Hadi sasa tumepokea pauni 740 taslimu na ahadi za pauni 310. Kina mama wameandaa chakula cha kuuza baada ya ibada Jumapili mbili zijazo: maandazi, samaki, sombe na wali wa nazi. Vijana wataosha magari kwenye maegesho. Asiye na fedha aje afanye kazi. Mwenye pauni mbili asione haya. Nazo zinanunua sehemu ya kiti cha mtoto. Ndugu zetu mlio Leicester, London na Marekani, mnaweza kutuma kupitia akaunti ya kanisa. Namba yake iko kwenye kundi la WhatsApp la washirika. Msitume kwa simu ya mtu binafsi hata akijitaja kuwa mjumbe wa kamati.

Kila mchango utaandikwa kwenye daftari na kupewa risiti na mweka hazina, na hesabu zote zitasomwa kanisani Jumapili ya kwanza ya Septemba. Kikizidi chochote, kitaingia kwenye sadaka ya kanisa la Eyam. Ahadi zilipwe kabla ya Julai kwisha, maana mwenye basi anataka malipo yake mwezi mmoja kabla ya safari. Wanaohitaji kiti cha mbele kwa sababu ya miguu au mgongo wamwambie mzee wa kanisa wa eneo lao mapema, na wazazi wajaze fomu ya ruhusa ya watoto wanapoleta mchango.

Mbarikiwe sana.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Harambee