Vijana wa maandamano hawakuagizwa kutoka Nairobi

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu vijana walioandamana kwenda Bungeni hapa Uganda Julai 23, 2024 imeniudhi. Mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi, ila hili sikuweza kulimeza. Mwandishi wenu anasema vuguvugu lile liliagizwa kutoka Kenya: vijana wetu waliwaona wenzao wakivamia Bunge la Nairobi mwezi Juni, wakaiga. Walitiwa moyo, sikatai. Sisi wa Busia tuna ndugu pande zote mbili za mpaka na tulifuatilia kila siku. Lakini hasira haivuki mpaka kama sukari ya magendo. Wale vijana walilalamikia wizi wa mali ya umma Kampala, wakawataja watu wa Kampala. Wakaambiwa wanacheza na moto, na makumi yao wakakamatwa.

Kila mara mchochezi hutafutwa nje. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda walikwenda Mengo kwa Kabaka, mfalme wao, wakitaka kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe na kujichagulia machifu. Gavana Mwingereza John Hall akaona mkono wa Wakomunisti. Chama cha Bataka na kile cha wakulima cha Ignatius Musazi vikapigwa marufuku. Haikupita miaka mingi, serikali hiyohiyo ya kikoloni, chini ya gavana mwingine, ikawaruhusu wakulima kununua viwanda vya pamba kupitia vyama vya ushirika. Mwaka 1959 Augustine Kamya na wenzake wakahimiza watu wagomee maduka ya Waasia. Mashamba yalifyekwa na nyumba zikachomwa, na hayo siyatetei hata kidogo. Lakini tazameni jibu la serikali: chama chao kikapigwa marufuku, kikabadili jina, jina jipya nalo likapigwa marufuku, kisha viongozi wakahamishiwa wilaya za mbali. Mwandishi wenu angeyasoma haya kwanza.

Mimi mwenyewe yalinikuta Aprili 2011, wakati wa yale maandamano ya kutembea kwenda kazini. Nilikuwa naishi Banda, Kampala, nauza viatu vya mitumba soko la Owino. Petroli ilikuwa imepanda, nauli nayo ikapanda, kwa hiyo nilikuwa natembea hata kabla kiongozi wa upinzani Besigye hajamwita mtu yeyote barabarani. Asubuhi moja, kabla sijafika Nakawa, askari wawili wakanisimamisha. "Unaenda wapi?" Kazini, afande. "Kwa nini unatembea?" Nikasema sina nauli. Jibu hilo likageuzwa siasa. Gunia langu likamwagwa lami, wakakung'uta kiatu kimoja kimoja wakitafuta makaratasi, na vingine vikaangukia mtaroni kwenye maji machafu. Nikaketishwa chini pamoja na mama mmoja aliyekuwa na beseni lake la mandazi na fundi mwashi aliyeshika mwiko wake, jua likatuwakia hadi saa saba mchana. Hakuna aliyeandika jina langu, hakuna aliyenitajia kifungu cha sheria. Tulipoachiwa, yule mkubwa wao akaniamuru: "Kesho panda taksi." Kwa pesa gani? Viatu vya siku ile vilikuwa vimeharibika na mandazi ya yule mama yalikuwa yamejaa vumbi. Hatukuwa wafuasi wa mtu yeyote. Tulikuwa watu wasio na nauli, na kufikia Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei ulifika asilimia 30. Serikali ikaona dawa ni kulitangaza kundi lililoitisha maandamano, A4C, kuwa haramu Aprili 2012, kwa kutumia sheria ya jinai tuliyorithi kwa mkoloni. Tangu hapo nimeona hata bereti nyekundu ya wafuasi wa mpinzani Bobi Wine ikitangazwa kuwa vazi la jeshi mwaka 2019, na Novemba 2020, alipokamatwa, watu 54 wakafa katika siku mbili za maandamano.

Na kwa kuwa nimeanza, niseme na la intaneti. Mwaka 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kutumia WhatsApp na Facebook. Watu wakaandamana Kampala, wakapigwa mabomu ya machozi. Ushuru wa pesa za simu, ulioanza pamoja na huo, ukapunguzwa kutoka asilimia moja hadi nusu, nashukuru. Lakini ile 200 ilipoondolewa mwaka 2021, data ikawekewa ushuru wa asilimia 12, na mwaka huohuo intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Nyinyi waandishi mliandika kwamba ushuru umefutwa. Mimi bado naulipa kila ninaponunua bando.

Mahakama ya Katiba ilishakifuta mwaka 2020 kile kifungu cha 8 cha sheria ya mikutano ya 2013, kilichompa polisi nguvu ya kuzuia mikutano. Basi kamanda anayetaka kuzuia maandamano aandike kwa mkono wake mwenyewe, ataje kifungu anachotumia, aweke jina lake kamili na muhuri, kwa nakala tatu. Moja ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya gombolola, yaani serikali ya mtaa, kabla ya saa sita mchana wa siku ya kabla ya maandamano, ya pili wapewe waandaaji, ya tatu iletwe kwenu. Nanyi muichapishe nzima, ukurasa wa kwanza, pamoja na madai ya waandamanaji kwa maneno yao wenyewe.

Mfanyabiashara wa viatu,
Busia, Uganda