Shukrani kwa kaka mwenye kamba, Kisauni

Tangu pepo za kusi zianze, tawi la mwembe wetu hapa Kisauni, Mombasa, lilikuwa limelalia mabati ya chumba cha mama, likikwaruza usiku kucha. Fundi wa kwanza alitaka kuung'oa mti mzima.

Wewe kaka, ulikuwa unapita tu na kamba begani. Ukasimama, ukautazama mti. Ukalifunga tawi, ukalikata vipande, kila kimoja ukakishusha taratibu kwa kamba; hakuna bati hata moja lililobonyea. Ulitangulia kukata kwa chini, ndipo ukamalizia juu, gome lisichanike hadi kwenye shina. Kazi ya anayeupenda mti! Ukafagia na majani. Pesa ukakataa, ukanywa dafu tu.

Mama anakuombea kila swala. Maembe yakiiva, pita, fungu lako lipo.