Wakivunja tutatengeneza: Mwanza nayo iwe na makumbusho ya watoto kushika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua wenzangu wanaandika mambo mazito, maji, barabara, bei ya sukari, na langu litaonekana la kitoto, na kweli ni la kitoto maana nawazungumzia watoto. Mi ni fundi mitumbwi huku Igombe, nina watoto wangu na wapwa wanaojaa nyumbani kila shule zikifungwa, na kila likizo swali ni lile lile, jumapili tunaenda wapi. Jibu la Mwanza mnalijua. Ukiwa na hela unawapeleka kwenye yale majumba ya kujaza upepo wakaruke, chipsi kuku, soda, picha na simu, mnarudi. Ukiwa huna unawapeleka ufukweni waangalie meli. Ukijipinda sana unawavusha Saanane wakaone pundamilia na swala, na pale pazuri sitanii, hifadhi ya taifa katikati ya jiji sijui ni wangapi wanayo, ila hata pale mtoto anaangalia tu, na ndivyo inavyotakiwa kwa mnyama.

Ninachosema mimi ni kwamba hakuna sehemu hapa kwetu ambapo mzazi na mtoto wanaingia pamoja wanalipa kiingilio halafu wanaambiwa haya, shikeni.

Kuna makumbusho fulani hapa nchini, jina naliacha, nilienda na watoto tukakuta kila kitu kiko nyuma ya kioo au nyuma ya kamba, na mlinzi anatembea nyuma yetu kama tumekuja kuiba, kila mkono ukinyanyuka "we mtoto usiguse". Binti yangu wa mwisho akaniuliza sasa baba hapa tunafanya nini. Sikuwa na jibu la maana, nikamwambia tunasoma. Yeye hata herufi alikuwa bado anazitafuta.

Sasa shemeji yangu yuko Boston kule Marekani, anatutumia vidio za watoto wake wakiwa kwenye makumbusho ya watoto ya huko, na mimi huwa naziangalia kwa jicho la ufundi zaidi kuliko la ushemeji. Kuna nyumba ya mbao ndani ya lile jengo, nyumba kweli, ya mfanyabiashara wa hariri wa Kyoto kule Japani, ina zaidi ya miaka mia, waliibomoa vipande vipande wakaisafirisha wakaiunga upya huko Boston, ilikuwa zawadi maana Kyoto na Boston ni miji dada. Unavua viatu unaingia, unakaa chini kwenye mkeka. Mtoto wa darasa la kwanza anaingia kwenye nyumba ya watu wa dunia nyingine anakaa kama wanavyokaa wao. Sehemu nyingine ni mapovu ya sabuni tu, mapovu, wazazi na watoto wameloa mpaka viwiko wanacheka. Nikasema hiki kitu ndicho.

Nikaanza kufuatilia, maana nikishika jambo siachi. Kumbe ni mambo ya zamani. Makumbusho ya kwanza duniani kufunguliwa kwa ajili ya watoto ni ya Brooklyn, New York, mwaka 1899, yaani huku kwetu Mjerumani bado anajenga maboma. Ya Boston yalifuata 1913, yakianzishwa na walimu wa sayansi, walimu wa kawaida tu wanaotafuta vitu vya kufundishia. Ya Indianapolis ni 1925 na leo ndiyo makubwa kuliko yote ya watoto duniani. Ila hata hayo mwanzoni yalikuwa na makabati yake ya vioo, mtindo wa kushika kila kitu ulikuja kushika kasi miaka ya 1960 pale Boston walipopata mkurugenzi anaitwa Michael Spock, aliingia 1962, huyu shuleni alipata shida sana ya kusoma, maandishi yalimsumbua, basi akaona kwani mtoto lazima asome kibao ndo aelewe? Akatengeneza onyesho la vitu vya kawaida vya nyumbani na mtaani vimekatwa uone ndani kuna nini. Mtu ambaye kitabu kilimtesa ndiye aliyefungua makabati, hilo nimelipenda sana, na nadhani walimu wetu nao wanapaswa kulitafakari kidogo.

Lakini lililonifanya niandike barua hii ni lile jumba la makumbusho la San Francisco, huko huko Marekani, linaitwa Exploratorium, la mwaka 1969, alilianzisha mwanafizikia Frank Oppenheimer, mdogo wake yule wa bomu la atomiki. Karakana yao iko humo humo ndani, haijafichwa. Wageni wanapita wanawaona mafundi wakikata vyuma, wakichomelea, wakirekebisha kitu kilichoharibika asubuhi ili mchana kirudi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini huku kwetu mambo ya namna hii yakijaribiwa hayadumu. Sisi tunajenga jengo, tunakata utepe, tunaweka vitu, watoto wanavunja, kwa sababu watoto kazi yao ni kuvunja, halafu baada ya miezi kadhaa kuna kufuli na kibandiko "mbovu". Tunasema watoto wa kiafrika hawana adabu na vitu. Hapana bana. Hatukuajiri fundi, basi.

Kitu kinachoshikwa na watoto kinachakaa kila siku, kila siku, hata cha chuma. Mi karakana yangu iko ufukweni haina ukuta, watoto wa wavuvi wanashinda hapo, na nimeshajifunza kuwapa kazi kuliko kuwafukuza. Wanachopenda kuliko vyote ni kuziba nyufa. Unampa mtoto nyundo ndogo na patasi butu na uzi wa pamba aliousokota mwenyewe kwenye paja, anaulaza kwenye mwanya kati ya mbao na mbao, anagonga taratibu, tok tok tok, akigonga kwa hasira pamba inatokea upande wa pili, akigonga kivivu inachomoka, mpaka asikie mlio umebadilika, ukishakuwa mzito anajua imeshika. Hakuna aliyemfundisha huo mlio. Kaupata mkononi. Ile patasi mpini wake nimeubadilisha sijui mara ngapi na nyundo zinapotea, sawa, ndiyo gharama yenyewe, naihesabu kama misumari.

Kwa hiyo kwa wakubwa wa jiji na wa mkoa na wenye hela zao wanaopenda kusikia maneno kama utalii wa ndani, ombi langu ni hili: msianze na jengo. Anzeni na mafundi wawili wa kudumu wenye mshahara, mmoja wa mbao mmoja wa vyuma, wapeni karakana ndogo watu waione, halafu vitu vingine vije vyenyewe taratibu.

Na vitu tunavyo, hatuhitaji kuagiza kontena. Hapo Bujora, Kisesa barabara ya Musoma, tuna makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha marehemu Padri David Clement, Mkanada aliyewapenda Wasukuma mpaka wakampa jina la Fumbuka, na kuna ngoma za watemi pale ambazo ukiziona tu unanyamaza. Zile ziachwe zilivyo, hakuna mtu mwenye akili atasema watoto wakazidunde. Ila kuna ubaya gani tukichonga ngoma nyingine kwa ukubwa ule ule, tukawamba ngozi, tukaziweka chini ya mti pembeni, mtoto akishatoka kuiona ya mtemi anaenda kudunda ya kwake? Na bibi yake aliyekuja naye akae kwenye jiwe la kusagia amwonyeshe mtama unasagwaje, maana siku hizi mabibi tunawapeleka kwenye matembezi wanakaa kwenye kiti cha plastiki wakishikiwa mikoba, wakati wao ndo wanaojua kila kitu kilichomo mle. Wenzangu mliowahi kwenda kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma mwezi wa sita, mnajua watoto wanavyowaangalia Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, wakishindana, miguu haitulii. Wanataka kushika.

Halafu ziwa. Jamani sisi tumekalia ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na kuna watoto wa Nyakato na Buzuruga sangara wanamjua akiwa kwenye sahani tu. Nipeni mtumbwi mbovu niukate katikati kwa urefu, mtoto aone mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, na mataruma, mbavu zake, aone kwa nini unaelea wakati misumari yake inazama. Wekeni nyavu za macho tofauti na samaki wa mbao, sangara wa sentimita 50 na wadogo zaidi, mtoto asukume mwenyewe aone nani anapita na nani ananasa kwenye jicho la inchi 6, hapo ameelewa sheria ya uvuvi kuliko baba yake aliyekamatwa akiwa na kokoro, ule wavu haramu wa kukokota. Chumba kimoja kiwe giza totoro, taa moja juu ya beseni pana, aone dagaa wa bati wanavutwa na sumaku kuja kwenye mwanga, aelewe kwa nini wavuvi wa dagaa wanalala mbalamwezi ikiwa kubwa. Zamani karabai, sasa hivi taa za betri na sola, zote ziwepo azishike. Bomba la mkono la kuvuta maji, mfereji, vizuizi vya mbao, ajenge bwawa lake libomoke. Atakuja na nguo zimeloa, mama msimpige.

Na laifu jaketi. Hili silitanii. Tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 tunasema kila mwaka usalama majini, usalama majini, lakini nenda kachukue watoto kumi wa ufukweni uwape jaketi waambie wavae haraka uone. Wanaingiza kichwa kwenye mkono. Kamba hawajui inapita wapi. Hata watu wazima. Ningeweka kiboti kinachoyumba juu ya magurudumu, kengele ikilia familia nzima inavaa, baba, mama, bibi, na anayemaliza mwisho anacheka na wenzake, siyo anazama.

Nimesema familia nzima makusudi. Kwenye zile vidio za shemeji nimeona jambo moja, mzazi hakai pembeni. Kwetu mzazi akishalipa kiingilio anaona kamaliza, anakaa chini ya mwavuli na simu, mtoto akija "baba njoo uone" anaambiwa nenda kacheze. Na akina baba ndo tunaongoza. Sehemu kama hii ingekuwa na vitu ambavyo mtoto peke yake hawezi, gogo la kunyanyuliwa na wawili, msumeno wa kuvutana huku na huku, hapo huna ujanja unaweka simu mfukoni. Na kiingilio kiwe cha familia siyo cha kichwa, maana mtu wa Mwanza ukimpigia hesabu ya kichwa kwa kichwa ataacha wawili nyumbani, na atakaowaacha ni wale wa kike wakubwa wabaki na jiko, hilo tunalijua wote tusidanganyane.

Kuna watakaosema hizi ni anasa, madarasa hayatoshi. Madarasa yajengwe. Ila kuna shule yenye watoto tele na darubini moja imefungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu isije ikaharibika, hapo darasa likiongezeka ndo darubini itatoka? Tanga wenzetu wameshapata STEM Park yao, sehemu ya watoto kujifunza sayansi na ufundi kwa kushika, wameanza, na Tanga siyo tajiri kutuzidi. Sisi wenye jiji la pili kwa ukubwa tunangoja nini.

Mahali papo. Kuna maghala ya zamani kuzunguka mji huu, mengine ya enzi za pamba, yamekaa yanaota nyasi kwenye mabati. Moja linatosha. Lifagiliwe, lipigwe taa, liwekwe sakafu isiyoteleza na vyoo vya maana, vyoo jamani, ndo kitu cha kwanza mama mwenye watoto anauliza.

Kwa upande wangu nina mtumbwi mmoja wa futi 28 umelala hapa ufukweni, mwenyewe ameshaniachia maana ubavu mmoja umeoza, ule mwingine ni mzima kabisa. Nitaukata bure, nitauranda usichome mtu miiba, na wenzangu wawili wamekubali kusaidia kuupakia kwenye fuso. Anayehusika aniambie tu tuupeleke wapi.

Wabeja sana.

Fundi mitumbwi,
Igombe, Mwanza