Barua ya kufunga muhula: vitabu vya mwakani na namna tunavyovichagua

Skuli ya Msingi, Wilaya ya Wete, Pemba
Disemba

Kwa wazazi na walezi wote,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Watoto wamefunga leo na ripoti zao wamepewa mkononi. Mwenye la kuuliza kuhusu alama aje Jumatatu au Jumanne asubuhi, walimu wa madarasa watakuwepo. Yaliyobaki katika barua hii ni ya vitabu, kwa sababu kila ikifika Januari wazazi hutoa fedha zao kununua vitabu ambavyo mtoto hawezi kuvitumia darasani.

Naomba sana, msinunue kitabu cha somo lolote kabla ya kupata orodha ya skuli, hata kama jalada limeandikwa "Darasa la Nne" kwa herufi kubwa. Muhtasari wa masomo yetu unatoka Taasisi ya Elimu Zanzibar. Wa Bara unatoka Taasisi ya Elimu Tanzania. Elimu ya msingi si jambo la Muungano, kwa hivyo mada za darasa moja huku si lazima ziwe zile zile za darasa hilo kule. Kitabu kizuri kilichotoka Dar es Salaam kinaweza kumtangulizia mtoto mada ambayo bado hajaifikia, na kikaiacha ile atakayoulizwa kwenye mtihani. Hata vitabu vya Zanzibar vinatofautiana kwa toleo, kwani mtaala umebadilishwa. Kabla hujampa mdogo kitabu cha kaka yake, fungua kurasa za mwanzo uutazame mwaka wa kuchapishwa, kisha kileteni tukilinganishe na muhtasari. Kazi hiyo haichukui robo saa. Vile vinavyotumwa kwa simu kwenye makundi ya wazazi navyo ni hivyo hivyo: mara nyingi ukurasa wa mwanzo hauonekani, na kurasa za katikati zimerukwa.

Kitabu cha kiada, yaani kile kikuu cha somo, hatukichagui sisi. Tunachochagua ni vitabu vya ziada: hadithi za kusoma, mazoezi ya hisabati, kamusi, atlasi, ramani na chati za ukutani. Wanaochagua ni walimu wawili wa somo, mwalimu wa maktaba na mjumbe mmoja wa Kamati ya Skuli ambaye ni mzazi. Kila mmoja hupewa sampuli na fomu yenye alama 100: yaliyomo 40, lugha 20, picha na mazoezi 20, uimara 10, bei 10. Anaijaza peke yake, na kujadiliana huja baadaye. Tukianza na mazungumzo, akisema mkubwa "hiki kizuri," wengine wote huandika kizuri. Kitabu kilichopata chini ya 24 katika yaliyomo kinaondoka, hata kikiwa cha bei ndogo namna gani. Sampuli zote zinaingizwa kwenye daftari la stoo, na zawadi ya muuza vitabu haipokelewi na mwalimu yeyote.

Katika hisabati mwalimu hasomi tu, anafanya. Anachukua mazoezi 20 kutoka sura mbalimbali, anayakokotoa kwa mkono, kisha anafungua majibu ya nyuma. Jibu moja likiwa na kosa, anafanya mengine 20. Mtoto anayejisomea nyumbani huliamini jibu lililochapishwa kuliko hesabu yake mwenyewe. Ataifuta iliyo sahihi ili ifanane na kosa. Tunatazama pia vipimo. Kitabu cha ujazo kinachoanza na lita tu si kibaya, lakini mtoto wa Pemba ameshaona karafuu zikipimwa kwa pishi, na anajua vibaba vinne ni pishi moja. Kinachomtoa kwenye kibaba kikampeleka kwenye lita kinamfundisha haraka zaidi, nasi tunakipa alama kwa hilo.

Vitabu vya kusoma vya madarasa ya chini ndivyo vinavyotuchukua muda mrefu, na ndivyo ninavyovijali kuliko vyote. Tunachagua ukurasa wenye maneno kama 100, tunawaita watoto sita: wawili wasomaji wazuri, wawili wa kati, wawili wanaohangaika. Kila mmoja anasoma kwa sauti peke yake na mwalimu. Akikwama kwenye maneno 5 au pungufu, kitabu hicho anaweza kukisoma mwenyewe. Kuanzia 6 hadi 10, asome akiwa na mtu mzima. Yakizidi 10 kitabu kimemzidi, na tukimlazimisha atakariri picha na kujifanya anasoma. Huko ndiko wengi wanakopotelea bila mwalimu kugundua.

Tunatazama namna mstari ulivyokatwa. Kuna vitabu ambavyo neno "ng'ombe" limekatwa mwisho wa mstari, "n" imebaki juu na "g'ombe" imeshuka chini. Mtu mzima hapaoni. Mtoto wa darasa la kwanza anasoma "ne," anasimama, halafu anakutana na kitu kisichosomeka. Kitabu cha darasa la kwanza kisikate neno hata moja, herufi ziwe kubwa, na maneno yasipandishwe juu ya picha.

Uimara tunaupima mikononi. Tunakifungua kitabu katikati, tunakilaza wazi juu ya meza na kukikandamiza. Kilichogandishwa kwa gundi peke yake hulia na kuanza kuachia kurasa. Kwa unyevu wa kisiwa chetu, masika moja inatosha kukimaliza. Kilichobanwa kwa pini hushika kutu, na kutu hula karatasi pembeni mwa pini mpaka kurasa za katikati zikatoka. Tunataka kilichoshonwa kwa uzi. Mfano wa hesabu: kitabu cha shilingi 6,000 kikidumu mwaka mmoja, na cha shilingi 9,000 kikidumu miaka mitatu, cha pili kinatugharimu 3,000 kwa mwaka. Ndiyo maana pia hatununui vitabu vya kujaziwa ndani, isipokuwa vya mwandiko vya darasa la kwanza. Kikishajazwa, mdogo wake hakitumii tena.

Idadi nayo inategemea mikondo. Darasa lenye watoto 48 asubuhi na 48 mchana, wakikaa wawili kwa kitabu kimoja, linahitaji vitabu 24 na viwili vya walimu, jumla 26, ikiwa vitabu vinabaki skuli. Tukitaka kila mtoto aende nacho nyumbani, ni 96 na viwili vya walimu, jumla 98. Mwakani hadithi zitakwenda nyumbani kwa zamu, siku tatu kila mtoto. Vitabu vya mazoezi vitabaki darasani.

Kwa hiyo vitunzeni. Jalada litiwe karatasi ya khaki au ya kalenda ya zamani, ikunjwe kwa ndani. Gundi msitumie, kwani mende huipenda, na selotepu ikibanduliwa hung'oa rangi ya jalada. Kisiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Kikirowa, msikianike juani na msikipige pasi: kurasa hujikunja na kushikana. Kisimamisheni wima kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana, na mtie karatasi kavu kila baada ya kurasa kumi, mkizibadilisha zikirowa. Kikiota koga, kirudisheni kilivyo, tutakitenga ili kisiambukize vyengine.

Kama mtoto wako anakileta kitabu karibu na pua, au anafuata mstari kwa kuinamisha kichwa upande mmoja, mwambie mwalimu wa darasa kabla orodha haijafungwa. Mtoto huyo tutamtafutia chenye herufi kubwa, na apelekwe kupimwa macho.

Vitabu ambavyo bado viko majumbani virudishwe kabla ya Ijumaa ijayo. Orodha ya mwakani itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wiki ya mwanzo ya Januari, pamoja na alama ambazo kila kitabu kimepata. Mzazi anayetaka kuingia kwenye kamati ya kuchagua aandikishe jina kwa mwalimu msaidizi. Nafasi ni moja, na tungependa safari hii awe mama au baba mwenye mtoto wa darasa la kwanza au la pili.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu Mkuu